Mbwa Asiyejua Mchana

Mama yangu ana choo kizuri. Ni cha shimo, ndiyo, lakini kimesakafiwa, kina mlango wa bati unaofungika kwa ndani, na alikijenga mwenyewe baada ya baba kufariki, akimsimamia fundi tofali kwa tofali mpaka fundi akachoka naye. Kipo upande wa pili wa ua, nyuma ya mpapai. Ukitoka mlango wa jikoni unavuka ua na umefika. Na kwa muda mrefu sana mama yangu, mwenye choo, kila jua lilipozama alikuwa anajisaidia kwenye ndoo chumbani kwake, kwa sababu uani kulikuwa na mbwa.

Hayo niliyajua nilipokuja Kimamba, msimu wa miwa ulipokuwa unafunguliwa. Mimi nilikuwa Mikumi, nauza chai na chapati kando ya barabara kuu, na maisha yalikuwa yanakwenda. Kaka yangu mkubwa ndiye anayekaa na mama. Akapata kazi ya kuendesha lori la miwa kule Kidodi, kazi ya msimu mzima, akanipigia simu nije nikae na mama mpaka msimu ufungwe. Nikaja. Mama hakuniambia neno kuhusu ndoo. Niliiona asubuhi ya kwanza, imefunikwa sahani ya plastiki, anaitoa nje harakaharaka kabla watu hawajaamka, kama mtu anayeficha mali ya wizi. Mwanamke aliyesimama kwenye mashine za mkonge ujana wake wote, leo anabeba ndoo kwa kujificha ndani ya nyumba yake mwenyewe! Nililia kidogo jikoni. Kisha nikafuta machozi, nikashika kiuno, nikaenda kumtafuta kaka, ambaye alikuwa hajaondoka bado.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kunyamaza. Kaka ni mkubwa kwangu na shikamoo yake nampa kila asubuhi, lakini siku ile nilimpa shikamoo na maneno mengine juu yake. Kaka hakuona tatizo lolote. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni, kwamba mbwa wa ulinzi ndivyo anavyofugwa. Kitoto kikishaacha ziwa kinaingizwa bandani. Alfajiri kinafungiwa, jioni kinafunguliwa. Asione watu mchana, asizoee sauti zao, asiguswe na mtu isipokuwa mmoja tu, anayempa chakula. Akizoea watu mchana, usiku atawapokea wezi kwa mkia. Kaka hakumpa hata jina. Alisema jina linamlainisha mbwa. Akimtaka, anapiga mluzi.

Na si kaka peke yake, jamani. Nusu ya mtaa wetu wanafuga hivyo, na Kilosa mjini pia, na hakuna anayeona ajabu. Banda lenyewe lilikuwa la mbao nzito na bati, giza tupu ndani, na komeo lake limefungwa kamba ndefu inayofika mpaka mlango wa jikoni, ili ufungue na kufunga ukiwa mbali. Mama aliwahi kutoka jioni moja akidhani mbwa hajafunguliwa bado. Mbwa hakumjua. Alimchana kanga na kumwachia kovu kwenye kigimbi. Kuanzia hapo ndipo ilipokuja ndoo, na kuanzia hapo mama alikuwa anamwambia kaka amtoe yule mbwa, na kaka alikuwa anasema atamtoa, na hamtoi, kwa sababu kabla ya mbwa tuliibiwa kuku, baiskeli na mpaka sufuria likiwa na maharage ndani.

Tulibishana mpaka mama akaja kutukatiza. Alisema yeye amechoka, mbwa auawe, yaishe. Mimi nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hapana. Nadhani niliona kwamba mbwa naye hakuomba kuwekwa mle. Nikamwambia kaka aniachie msimu huu nimzoeshe. Kaka alinitazama kama nimesema nitamfundisha mbwa kuendesha lori. Mwisho akakubali, lakini kwa masharti.

"Nikirudi," alisema, "nataka nimkute mama anapita uani jioni, na mbwa ni mbwa bado. Kimoja kikikosekana, namleta mtu wa bunduki."

Alinionyesha namna ya kufungua na kufunga, akamwachia mama unga, akabeba begi lake akaenda zake Kidodi. Nikabaki na mama asiyetaka kumsikia mbwa, na mbwa asiyemjua mtu, na mdomo wangu mwenyewe ulioniponza.

Nilikuwa na jambo moja tu la kunipa moyo. Pale Mikumi meza yangu ya chai ilikuwa jirani na fundi wa pancha, na yule fundi ana mbwa. Mchana kutwa mbwa yule anacheza. Fundi akikata kipande cha mpira wa tairi anakirusha, mbwa anakifuata chini ya malori, anakirudisha, anakikatalia, wanavutana, madereva wanacheka chai inawamwagikia. Lakini likishazama jua, jaribu kusogelea tairi la fundi uone. Mbwa hakuwahi kuchanganya mambo mawili hata siku moja. Na mbwa wa wafugaji kule Tindiga wanatembea na ng'ombe na watu kutwa nzima, mbona usiku boma haliguswi? Nilimweleza mama haya yote. Mama akasema Mikumi kuna tembo pia, je, na yeye nitamleta?

Siku niliyomfungulia mchana kwa mara ya kwanza nilimfungia mama ndani, nikajifungia jikoni, nikavuta kamba. Mlango wa banda ukafunguka. Hakutoka kitu. Nikangoja. Baadaye ikatokea pua, kisha kichwa, macho yamefinywa kwa jua kama mzee aliyetoka msibani. Akatoka hatua chache, akageuka, akaona kivuli chake. Mungu wangu! Alikibwekea kile kivuli mpaka sauti ikakauka, na kila akiruka kivuli nacho kinaruka. Kisha mtetea wa mama akapita na vifaranga vyake, akashtuka, akatanua mbawa. Mbwa anayeogopwa Kimamba nzima akamkimbia mtetea, akarudi bandani, akabaki huko mpaka jioni. Mama alikuwa amechungulia dirishani. Nilimsikia anacheka peke yake chumbani, na alipoona nimemsikia akakohoa.

Nikaona nisimlazimishe. Nilianza na tumbo, maana hilo kila kiumbe analielewa. Kaka alikuwa anamtupia ugali wa dona na dagaa kwenye sufuria kuukuu. Mbwa anaumeza kabla hujageuka, kisha hana la kufanya mpaka kesho. Mimi nikachukua beseni lililotoboka, nikalijaza magunzi ya mahindi, nikaficha vipande vya ugali na dagaa katikati ya magunzi. Nikaliweka uani, nikavuta kamba. Alilinusa, akalizunguka, akaliogopa, akalirudia. Alipogundua kwamba gunzi likisogezwa chini yake kuna dagaa, basi ikawa kazi. Alichambua beseni lile gunzi moja moja, mkia unakwenda huku na huku. Na baada ya kumaliza alilala kifudifudi pale pale kwenye jua, hoi, kama mtu aliyetoka kulima. Sikuwa nimewahi kumwona amelala nje. Nilifurahi mpaka nikamwita mama aje dirishani, na mama akaja, akasema magunzi yale alikuwa anayaweka ya kuwashia moto.

Baada ya beseni likaja dumu. Nililitoboa dumu la lita tano kwa msumari wa moto, matundu ya kutosha kutoka kipande cha ukoko, nikaweka ukoko mkavu ndani, nikamrushia. Ukiligonga linadondosha. Alilipiga kwa pua, akalipiga kwa mguu, akalikimbiza ua mzima, kelele zake kama harusi imeingia. Siku ya pili alilipiga likaruka juu ya michongoma, likaangukia kwa jirani.

Jirani yetu ni mwanamke wa rika langu, Mwislamu wa swala tano, anafuga mbuzi, na mate ya mbwa kwake ni najisi. Nilikwenda mbio kuomba radhi. Nilimkuta amesimama mbali na dumu, ameikunja kanga yake, na beberu lake limekwishalitia pembe na kulisukuma kila upande. Alinitania sana. Alisema kwao mbwa anapewa mfupa, kwetu anapewa ngoma. Tukakubaliana nipandishe ua kwa bati upande ule, na dumu langu nilichukue mwenyewe. Juma lililofuata nikasikia kelele nyingine upande wake. Alikuwa amewatengenezea mbuzi wake dumu lao, la mahindi, na beberu likawa halitulii mpaka lipewe.

Mbwa alikuwa pia anachimba. Alichimba chini ya mpapai, alichimba mbele ya jiko, alichimba mpaka nikamtukana kwa lugha ya barabarani ya Mikumi. Halafu nikajiuliza, kwani lazima asichimbe? Nikammwagia mchanga pembeni kwenye kona, nikafukia mifupa ya mbuzi humo, nikamwonyesha mara moja. Akaelewa. Kona ile ikawa shamba lake. Alikuwa anafukia na kufukua mfupa ule ule siku nzima, na akimaliza anaukalia.

Kumshika nilichelewa sana. Nilimrushia ukoko karibu na mguu wangu, kisha karibu zaidi, kisha kwenye kiganja. Aliuchukua ukoko kwa midomo tu, meno hayakunigusa, na ulimi wake ulikuwa wa moto. Basi, kuanzia siku ile tukawa marafiki na nikaacha kujifungia jikoni. Nikamvalisha mkanda shingoni, nikaanza kumtoa asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, tukipanda kwenye tuta la reli na kufuata njia ya miguu mpaka kwenye mkonge wa zamani. Mtu mzima kutembea na mbwa kwa kamba Kimamba ni kichekesho. Vijana wa bodaboda waliniuliza mbwa ananipeleka wapi. Niliwajibu ananipeleka mahali wao hawajawahi kufika, shuleni kusoma. Wakawasha pikipiki zao wakaondoka.

Mwanzoni nilikuwa namvuta, twende, twende. Yeye anataka kunusa kila jiwe, kila kichaka, kila mahali ambapo mbwa mwingine amepita. Nikapandwa hasira, halafu hasira ikaniisha yenyewe. Kiumbe kimekaa gizani maisha yake yote, leo kimeonyeshwa dunia, na mimi nakiharakisha niwahi wapi? Nikamwacha anuse. Tulikuwa tunatembea kidogo sana na tunachelewa sana kurudi, na akirudi anatulia kuliko ningemkimbiza.

Mama haya yote aliyaona kwa dirishani. Alikuwa anavuta kiti, anakaa nyuma ya nondo, ananisema. Eti nimeacha biashara Mikumi nije kucheza na mbwa. Eti yeye amepata wajukuu sasa, ndio hao wa miguu minne. Lakini kiti hakuondoka nacho. Nami nilijua kucheka kwake kwa dirishani si kupita uani. Kila jua likishuka alikuwa anaingia chumbani, na asubuhi namwona na ndoo yake. Nilimwambia mara nyingi nitamshika mbwa, nitamfunga, atoke tu aende. Alikataa. Alisema hataki kusindikizwa chooni kama mtoto.

Jambo lililobadilisha mambo lilikuwa kamba. Nilikuwa nimenunua kamba ya nailoni Kilosa ili tuvutane na mbwa, mchezo alioupenda kuliko yote. Alikuwa anaikata nyuzi na kumeza, na siku moja akatapika kitu cha kijani mpaka nikadhani anakufa. Mama alisema kutoka dirishani kwamba kamba ile hata mbuzi hafungwi nayo. Nikamwambia basi alete nzuri. Nilisema kwa hasira tu.

Baadaye nikamkuta amekaa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha, kanga ameipandisha, anasokota katani juu ya paja. Bonge la nyuzi alikuwa nalo chini ya kitanda siku zote. Mikono yake ilikuwa inakwenda haraka kuliko macho yangu. Anatemea mate viganjani, anasokota, anaunga, anasokota. Alisema hafanyi kwa ajili ya mbwa, anajaribu tu kama mikono bado inaweza. Ikatoka kamba nene, imara, yenye fundo kubwa kila upande. Akanirushia kwa dirishani, akaniambia nikampe huyo ndugu yangu.

Nilidhani mbwa ataidaka tuvute. Hakuivuta. Aliinusa kutoka fundo hili mpaka fundo lile, polepole, akarudi tena mwanzo. Akalala nayo chini ya kidevu. Usiku alitembea nayo, asubuhi aliingia nayo bandani. Nami nilifikiri ni harufu ya mkonge anaipenda. Ilinichukua muda kuona nilivyokuwa mzito: ile kamba ilikuwa imesokotwa kwenye paja la mama, kwa mate ya mama, na mafuta ya nazi anayojipaka mama. Mbwa alikuwa anajifunza mtu.

Siku moja nilitoka sokoni nikasikia kishindo nyuma ya nyumba, nikazunguka. Mama yuko ndani ya chumba chake, mguu ameupachika ukutani, mikono miwili imeshika fundo la kamba lililopita kwenye nondo. Upande wa nje mbwa ameng'ata fundo la pili, matako juu, ananguruma kwa raha, na kamba imekazika katikati yao kama waya wa simu. Mama naye alikuwa ananguruma. Nilisimama pale nimeziba mdomo kwa kanga, machozi yananitoka kwa kicheko. Aliponiona akaachia ghafla, mbwa akaenda mzima mzima mchangani. Mama akasema alikuwa anajaribu kama nondo ni imara.

Basi, nondo zikajaribiwa kila siku. Baadaye mama akaanza kutoka mchana, mbwa akiwa amefungwa kwenye mpapai. Kisha mbwa akiwa hajafungwa, mama amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, tayari kurudi ndani. Mbwa alikuwa anamletea kamba na kuiweka mbali kidogo, kama anajua. Lakini jua likielekea kuzama, mama anasimama. "Mchana namjua," aliniambia. "Jioni ni mbwa wa kaka yako." Nilimbembeleza, nikanuna, nikamsusia hata chakula. Mama hanuniwi, anakula cha kwako pia.

Na nikapata hofu nyingine, mbaya kuliko ile. Jioni moja kijana wa bodaboda alituletea gunia la mahindi. Mimi ndiye niliyemfungulia geti, tunaongea. Mbwa akaja na kamba mdomoni, mkia unapepea, akaitua miguuni kwa yule kijana. Kijana alikimbia hata hivyo, akaacha gunia njiani. Wengine wangecheka. Mimi nililala vibaya. Niliona maneno ya kaka yametimia: nimemharibu mbwa kwa dagaa na magunzi, na mtu wa bunduki atakuja, na kosa litakuwa la michezo yangu. Mama alisema mbwa aliona naongea na yule kijana ndiyo maana. Huenda. Lakini hakuna mwizi aliyekuja kutuhakikishia, na huwezi kumwomba mtu aje akuibie ili ujaribu mbwa wako.

Mvua zikaanza. Kaka akapiga simu kwamba msimu umefungwa, atakuja. Siku hakusema. Niliuliza akanijibu akija nitamwona.

Alikuja jioni, mwanga ukiwa mwekundu bado, na hakubisha hodi. Mimi nilikuwa nasonga ugali nje, mama yuko jikoni anakaanga mchicha, mbwa amelala karibu na mguu wangu, kidevu juu ya kamba. Niliona tu mbwa hayupo. Alikuwa getini. Manyoya yamesimama mpaka mkiani, meno yote nje, na anabweka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku za mwanzo, sauti ya kutoka tumboni, mpaka mbuzi wa jirani wakaanza kulia. Geti lilikuwa limefunguliwa kidogo tu na likaishia hapo. Kisha nikasikia mluzi. Mbwa akanyamaza, akanusa ufa wa geti, akanusa tena, akarudi nyuma kumpisha. Kaka akaingia, begi begani, amekonda, anatabasamu.

"Mbwa ni mbwa," alisema.

Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, nikampokea mfuko wa sukari aliotuletea. Hakukaa. Alitazama banda, akatazama beseni la magunzi, akatazama kona ya mchanga iliyochimbwachimbwa. Kisha akaniuliza lile nililokuwa naliogopa.

"Na mama?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maelezo mengi: kwamba mchana anatoka, kwamba wanavutana kamba, kwamba bado kidogo tu, aniongezee muda mpaka mahindi yapandwe. Nikafungua mdomo nianze. Mama akapita katikati yetu.

Alikuwa ameshika kopo la maji. Hakumwangalia kaka wala mimi. Alishuka kizingiti cha jikoni taratibu, maana goti lake moja halimtii, akaingia uani. Jua lilikuwa limeshazama. Mbwa alikuwa karibu na kaka. Akageuka, akamwona, akaokota kamba yake akamfuata. Mama akasimama. Nami nikasimama na mwiko mkononi, ugali unaungua, sijui nimwite mbwa au ninyamaze. Mbwa akamnusa mkono ulioshika kopo. Mama akamwambia kitu cha chini ambacho sikukisikia, wakaendelea kutembea, yeye mbele kidogo, mbwa ubavuni, kamba inaburuzwa chini, wakapita mpapai. Mlango wa bati ukafungwa. Nikasikia komeo.

Nililia, na sioni aibu kusema. Kaka hakulia, lakini begi lilikuwa begani bado na hakukumbuka kulitua. Mbwa alikaa mlangoni pa choo kwa muda. Kisha akainuka, akaja moja kwa moja kwa kaka, akaiweka kamba juu ya kiatu chake, upande uliolowa mate. Akarudi nyuma, akashusha kifua chini, akainua matako juu, akangoja. Kaka alitazama kamba. Akamtazama mbwa. Alimlea tangu kitoto, kila jioni kamfungulia, kila alfajiri kamfungia, na sasa alinigeukia mimi na uso wa mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

"Anataka nini?" aliniuliza.

Aliyejibu ni mama, kutoka ndani ya choo chake, sauti ikipita kwenye tundu la hewa.

"Shika hiyo kamba umvute. Anataka kucheza na wewe."

Kaka akatua begi. Akainama, akashika fundo kwa vidole viwili kama anashika kitu kichafu, na mbwa akang'ata fundo lake akavuta. Kaka nusura aanguke. Akashika kwa mikono miwili. Akachuchumaa, akakaza meno, mbwa naye akanguruma ile ngurumo yake ya raha, wakaburutana mpaka katikati ya ua, kaka na suruali yake ya safari, matope mpaka magotini. Akasema, kama anajiambia, kwamba hakujua mbwa ana nguvu hivi.

Mlango wa bati ukafunguka, mama akatoka na kopo tupu. Aliwakuta wameziba njia. Akasimama, akawaambia wampishe apite aende kwake. Wote wawili wakampisha.